Kabla Hujapiga Windows Upya: Maswali Yenu

Mwezi huu karibu kila ujumbe unauliza kitu kile kile kwa njia tofauti, mtu anataka kufuta kompyuta yote aanze upya. Wengi mnatoka kwenye Windows 10 ambayo huduma yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, wengine mashine imechoka tu na mnataka ipumue. Nimechukua maswali sita, na naomba hata kama swali sio lako ulisome, maana haya mambo yanashikana.

Swali: Habari za kazi mkuu. Laptopu yangu imekuwa nzito balaa, jamaa yangu kasema tupige Windows upya kesho jioni, eti ni nusu saa tu kitu kimeisha. Vitu vyangu vyote viko OneDrive kwa hiyo sina wasiwasi. Kuna cha kuandaa au tupige tu? Mimi Mwenye Haraka.

Nzuri sana ndugu yangu, ila hiyo kesho jioni naomba muisogeze mbele kidogo. Jamaa yako hajakudanganya, kwenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) iliyo nzima kupiga Windows ni nusu saa hivi na kuna mashine hata haifiki, lakini hiyo ndio sehemu rahisi, kazi yenyewe iko kabla yake, na ukishafuta hamna kurudi nyuma.

Tuanze na hiyo OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, maana ndio inayonitia hofu. Fungua folda yake uangalie alama iliyo pembeni ya kila faili. Ukiona kiwingu cha bluu ujue faili yenyewe haipo kwenye mashine, iko mtandaoni, hapo unaona jina lake tu. Tiki ya kijani maana yake iko huku na kule. Mishale inayozunguka maana yake bado inapanda, na usiguse kitu mpaka iishe. Alafu kuna faili ambazo hazina alama yoyote, hizo hazimo kwenye OneDrive wala hazijawahi kuwamo, na folda ya Downloads kwa kawaida ni mojawapo, wakati watu wengi sana wanaweka maisha yao yote humo humo Downloads.

Ntakwambia kilichonifundisha. Kuna dada mmoja mwalimu aliniletea laptopu yake nimpigie Windows, nikaingia C, nikaingia Users, nikafungua folda yenye jina lake, nikakopi Desktop, ina ikoni tatu nne hivi nikaona sawa, huyu mtu ni msafi. Kumbe OneDrive ilishaihamisha Desktop yake halisi ikaiweka ndani ya folda ya OneDrive, hiyo niliyokopi mimi ilikuwa ganda. Na zile faili za kweli hazikuwa zimepanda mtandaoni kwa sababu nafasi ya bure ni GB 5 na yake ilijaa siku nyingi, ikijaa haipandishi kitu kipya, inabaki kuonyesha onyo ambalo mtu anakuja kulizoea. Alama za wanafunzi wake za mihula miwili zikapotea. Alikaa pale kwenye kiti akawa anafungua folda moja, anafunga, anafungua nyingine, anarudi ile ya kwanza. Mpaka leo nikifungua Users ya mtu natafuta Desktop zote mbili kwanza.

Kwa hiyo we tafuta eksitenal, yaani diski ya nje ya kuchomeka, kopi Desktop, Documents, Downloads, Pictures na Videos, alafu fungua C yenyewe uangalie kama kuna folda uliwahi kuiunda ukaisahau. Kama unatumia Outlook ya kwenye mashine tafuta faili zinazoishia na .pst. Kama una programu ya mahesabu ya biashara usikopi folda yake kwa kubahatisha, ifungue uingie kwenye menyu yake utafute sehemu ya bakapu, yenyewe ndio inajua data zake ilizificha wapi. Paswedi za kwenye braoza nazo watu wanadhani wakikopi folda ya Chrome wamemaliza, hapana, zile paswedi zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya Windows ya zamani, ukizipeleka kwenye Windows mpya hazifunguki. Washa sinki (sync, ile inayozipandisha kwenye akaunti) kwenye akaunti yako ya braoza na uhakikishe kwenye simu kwamba zinaonekana, au zitoe kama faili ya CSV, ila hiyo CSV mtu yeyote akiifungua anazisoma zote wazi, kwa hiyo ukishamaliza kuziingiza ifute.

Na jambo moja ambalo limewakwamisha wengi usiku wa manane, ile PIN ya namba nne unayoingilia kila siku ni ya mashine hiyo tu na inafutika na Windows yake. Windows mpya itakuomba paswedi halisi ya akaunti ya Microsoft, ile uliyoiweka mara moja ukaisahau. Ijaribu leo kwenye simu, ikikataa ibadilishe kabla mashine haijafutwa.

Ukishakopi, chomeka eksitenal kwenye kompyuta nyingine, sio hiyo hiyo, na ufungue faili kadhaa kweli kweli, dokumenti moja, picha moja, video moja uisogeze mpaka mwisho. Linganisha idadi ya faili kwa kubonyeza kulia kwenye folda na kuangalia Properties pande zote mbili. Namba zikilingana na faili zinafunguka, mwambie jamaa aje.

Swali: Shikamoo. Niliona maelekezo kwamba flashi ya Windows isiposoma nizime Secure Boot (ule ulinzi wa mashine inapowaka) kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe), nikazima. Sasa laptopu ikiwaka inaleta skrini ya bluu inaniomba ufunguo wa namba 48, na mimi sijawahi kuweka kitu kama hicho. Data zangu zote ziko humo na sijakopi bado, kuna utafiti wangu wa kumaliza chuo. Nimekwisha? Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Marahaba mwanangu, na hapana, hujakwisha, vuta pumzi kwanza alafu usibonyeze kitu kingine chochote. Hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, yaani inafunga data zisisomeke bila ufunguo. Windows ilisimba diski yako bila kelele, na kuanzia Windows 11 toleo la 24H2 la mwaka 2024 ukianza kutumia mashine mpya au Windows iliyopigwa upya kwa akaunti ya Microsoft usimbaji unawaka wenyewe, ndio maana hukumbuki kuuweka. Ufunguo wake unalindwa na chipu ya TPM ambayo kila mashine ikiwaka inaangalia mambo yako vile vile kama jana. We ulipozima Secure Boot chipu ikaona hali imebadilika ikakataa kuutoa.

Fanya hivi. Rudi BIOS, washa Secure Boot kama ilivyokuwa, kama kuna kitu kingine ulibadilisha kirudishe pia, hifadhi (save) alafu uwashe. Mara nyingi sana inaingia kama hamna kilichotokea. Ikikataa bado, chukua simu, ingia kwenye akaunti ya Microsoft iliyokuwa kwenye laptopu, tafuta sehemu ya vifaa na funguo za BitLocker. Kwenye ile skrini ya bluu kuna kitambulisho cha ufunguo, angalia herufi nane za mwanzo, linganisha na orodha, ukipata inayofanana ndio hiyo. Kama laptopu iliwahi kuingizwa akaunti ya chuo basi ufunguo unaweza kuwa kwa watu wa IT wa chuo, waulize.

Lazima nikwambie na upande mgumu. Kama ufunguo haupo popote na kurudisha BIOS hakukusaidia, hamna fundi wa kuifungua hiyo diski, hata ukiitoa ukaichomeka kwenye mashine nyingine itaomba namba zile zile. Mtu akikwambia atakufungulia kwa hela kidogo usimpe. Na popote utakapoona maneno Clear TPM usiyaguse.

Kwa nyie wengine ambao hamjafika hapo, kabla ya kuingia BIOS kubadili chochote fungua Settings, tafuta usimbaji wa kifaa au BitLocker, uandike ufunguo kwenye karatasi au uupige picha kwa simu. Kama diski D nayo imesimbwa, izime usimbaji kabla ya kufuta Windows, au uwe na ufunguo wake mkononi, maana Windows mpya haitaijua D ya zamani na itakuuliza. Na kuzima Secure Boot wala hakukuwa na haja, flashi ya Windows iliyotengenezwa vizuri inabuti, yaani inaanzisha mashine, Secure Boot ikiwa imewaka, hata flashi ya Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux, pia.

Swali: Kaka mi nimedaunlodi ISO (ile faili moja yenye Windows nzima) nikaikopi kwenye flashi, GB zote zimekaa, ila kompyuta ikiwaka haiioni kabisa inaingia Windows ya zamani. Flashi mbovu? Mdau.

Flashi yako nzima. ISO ukiikopi inakaa kama faili tu, kama vile umeweka wimbo, kompyuta haiwezi kuanzia hapo. Inatakiwa iandikwe, kwa Media Creation Tool ya Microsoft wenyewe au kwa Rufus, programu za kutengenezea flashi, na flashi iwe ya GB 8 kwenda juu isiyo na kitu unachokihitaji kwa sababu itafutwa yote. Usijaribu kuifungua ISO na kuzikopi faili za ndani kwa mkono pia, flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4 na ndani ya Windows za saivi kuna moja inazidi.

ISO ichukue kwa mwenye mfumo, sio zile zilizopunguzwa na mtu asiyejulikana eti nyepesi, hujui kaondoa nini na kaweka nini, na hapo ndipo utakapoingiza paswedi zako zote. Kama ilikatika wakati wa kudaunlodi fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) uandike certutil -hashfile, jina la faili, alafu SHA256, itakupa mstari mrefu wa herufi na namba, ulinganishe na ule uliowekwa kwenye ukurasa wa kudaunlodi. Ikitofautiana herufi moja tu, daunlodi upya.

Kuhusu kubuti, kuna kitufe cha kubonyeza mashine inapowaka ili uchague flashi, Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc kisha F9, ASUS ni Esc au F8. Kama huziwahi, kuna njia ya kistaarabu, ukiwa ndani ya Windows shikilia Shift ubonyeze Restart, utaletewa menyu ya bluu, chagua Use a device, flashi yako iko hapo.

Swali: Mkuu, najifunza ufundi. Nikifika kwenye ukurasa wa kuchagua diski naona patisheni (vipande vya diski) nyingi, nyingine ndogo ndogo, sijui nifute ipi niache ipi. Na juzi kuna laptopu haikuonyesha diski hata moja. Fundi chipukizi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huu ukurasa mmoja ndio unaoweza kukuharibia jina.

Kabla hujawasha mashine chomoa kila kitu ambacho sio chaja na flashi ya Windows. Eksitenal ya bakapu hasa hasa. Niliwahi kuiacha imechomekwa kwa sababu nilikuwa nimetoka kukopi data za mteja sekunde ile, nikafika kwenye orodha, pale kuna diski 0 na diski 1 na patisheni zinafanana majina, nikafuta ya juu nikidhani diski ya ndani siku zote ndio 0. Ilikuwa eksitenal. Bahati ya ndani ilikuwa bado haijaguswa nikakopi upya usiku ule, lakini mikono ilinitetemeka. Namba ya diski sio ahadi. Kama ni desktopu yenye diski mbili, fungua kava uchomoe waya wa ile ya data.

Alafu tambua diski kwa ukubwa, na ujue Windows inahesabu kwa 1024 wakati kiwanda kinahesabu kwa 1000, kwa hiyo diski ya GB 500 utaiona kama 465, ya GB 256 kama 238, ya TB 1 kama 931. Andika ukubwa wa kila patisheni kwenye karatasi ukiwa bado ndani ya Windows ya zamani, ili ukifika pale uwe unalinganisha na sio unakisia.

Hizo ndogo ndogo, ya MB 100 hivi ni ya EFI ambako mashine inaanzia, ya MB 16 ni ya akiba ya Microsoft, na ya mamia ya MB ni ya kurejesha mfumo. Kama diski nzima ni ya kufutwa, zifute zote za diski hiyo mpaka ubaki na nafasi moja tupu imeandikwa Unallocated, chagua hiyo bonyeza Next, kisakinishi kitatengeneza zake chenyewe. Usihangaike kuzigawa kwa mkono. Lakini kama mteja ana D kwenye diski hiyo hiyo na anaitaka, usiiguse, na hata hivyo iwe imekopiwa kwingine kwanza, kidole kikiteleza kwenye orodha hiyo hakiombi radhi.

Ukiambiwa diski ni ya mtindo wa GPT au MBR (njia mbili za kuigawa diski, mpya na ya zamani) na Windows haiwezi kukaa, maana yake flashi imebuti kwa njia isiyolingana na diski. Bonyeza tena menyu ya kubuti uchague ile flashi yenye neno UEFI (njia mpya ya mashine kuwaka) mbele yake, kwa mashine za saivi unataka UEFI na GPT.

Sasa ile iliyokosa diski kabisa. Kama ni laptopu ya Intel ya kizazi cha 11 kwenda mbele, uwezekano mkubwa diski iko nyuma ya kitu kinaitwa VMD na kisakinishi chako hakina draiva yake, ile programu ndogo ya kukiwezesha kuiona. Diski haijafa. Nenda kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza laptopu, weka modeli, daunlodi draiva ya Intel Rapid Storage, ikiwa imekuja kama exe itoe ndani mpaka uone faili za .inf, weka kwenye folda ndani ya flashi, ukifika pale bonyeza Load driver uielekeze. Kuna wanaozima VMD kwenye BIOS, inafanya kazi, ila Windows ya zamani haitawaka tena mpaka uirudishe, kwa hiyo usiijaribu kama data bado ziko ndani.

Na draiva ya Wi-Fi usiisahau, maana Windows 11 inataka intaneti kabla haijakuruhusu kumaliza. Kama mashine bado inawaka, unda folda inaitwa madraiva kwenye eksitenal, tuseme ni E, fungua CMD kama admini uandike dism /online /export-driver /destination:E:\madraiva, itakukusanyia draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine. Ukikwama kabisa chomeka simu kwa waya uwashe USB tethering ili simu iipe kompyuta intaneti, simu nyingi za Android zinapokelewa bila draiva.

Swali: Nikifuta Windows je leseni itapotea? Laptopu ilikuja nayo lakini sina stika wala namba yoyote. Mama wa watatu.

Haitapotea mama. Laptopu zilizouzwa na Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012 namba yake kwa kawaida imeandikwa ndani ya ubao wenyewe, na mara nyingi kisakinishi kinaisoma bila kukuuliza. Kikikuuliza, chagua kwamba huna namba, endelea, ukiunganisha intaneti itajiwasha. La kuangalia ni toleo tu, ingia Settings, System, Activation usome kama ni Home au Pro, uweke lile lile, ukiweka Pro kwenye mashine ya Home leseni haitajiwasha. Office ni leseni nyingine kabisa, andika ni akaunti ipi ilinunua.

Swali: Laptopu yangu ni ya siku nyingi, RAM GB 4, diski ile ya kuzunguka, na inaanza kutoa mlio. Windows 11 inaikataa. Kupiga upya kutasaidia? Mzee wa kazi.

Shikamoo mzee. Huo mlio ndio tuushughulikie kwanza, mengine baadaye. Kopi data leo, kabla ya kupima kitu chochote, alafu ndio uweke CrystalDiskInfo uangalie afya ya diski. Ikiandika Caution au Bad usipige mfumo wowote kwenye diski hiyo, kuandika upya kunaichosha zaidi na ndani ya wiki unaweza kurudi pale pale. Badilisha uweke SSD. Kwenye mashine kama yako SSD itabadilisha mambo kuliko Windows yoyote mpya.

Windows 11 inataka TPM 2.0, mashine inayoweza Secure Boot, RAM GB 4, nafasi GB 64 na prosesa iliyo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel ni kizazi cha 8 hivi kwenda mbele. Wakati mwingine TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS kwa jina la PTT au fTPM, angalia. Kama prosesa ndio tatizo, mi ningekushauri Linux, mfumo mwingine wa bure wa kutumia badala ya Windows, na uzuri wake ni kwamba unaijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ukiwa humo jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, printa yako, funika laptopu ilale alafu uifunue uone kama inaamka. Na ukitaka kutumia flashi hiyo hiyo kutolea data, izime kwanza Windows kwa kushikilia Shift huku ukibonyeza Shut down, bila hivyo Windows inakuwa imelala nusu na Linux inaweza kukataa kuifungua hiyo diski, au kukuruhusu kusoma tu bila kuandika, ambapo kwa kukopi inatosha.